Waifai Yangu na Shemeji Anfani

Nimeaibika leo, ndugu wa kundi. Na sikuaibika kichochoroni, ambako mtu hujikung'uta vumbi akaendelea na safari yake. Nimeaibika sebuleni, mbele ya mama mkwe na wanawake wa mtaa, na mikono yangu mwenyewe ndiyo iliyoniponza.

Kwanza niwaweke sawa, maana wengine mmejiunga juzi tu. Mimi mtoto wa Tanga, fundi simu, nimeoa huku Mahajanga, Madagaska, mtaa wa Tsaramandroso. Mke wangu Echati ana asili ya Kikomoro, na kwao nyumba ni ya mwanamke. Wazazi humjengea binti yao, mume huingia na sanduku lake la nguo. (Mimi niliingia na begi, na zipu yake ilikuwa imekufa.) Kwa hiyo ninapolala ni kwa Echati, chumba cha pili analala mama yake, na changu hasa ni kibanda cha kutengenezea simu kilichoegemea ukuta wa mbele. Akija mgeni, wao ndio wanaomkaribisha. Mimi hupewa taarifa.

Basi mgeni amekuja. Anaitwa Anfani.

Anfani ni mtoto wa mjomba wake Echati. Walipokuwa wadogo wazee walikuwa wakisema hawa wawili wataoana, kwa sababu hapa ndoa ya binamu kwa binamu inapendwa sana. Anfani akaenda zake kufanya kazi kwenye meli za Kijapani za kuvua jodari, akakaa huko miaka, mimi nikaoa. Mambo yakaisha. Kwangu yaliisha. Sasa amerudi, ana nyumba za wageni pwani ya Andilana, kule kisiwani Nosy Be, meno yote anayo na yote meupe, na amekuja Mahajanga kununua magodoro. Magodoro aliyanunua siku ile ile aliyofika. Eti hayajapata meli. Wiki nzima mtu mzima analala sebuleni kwetu akingoja meli ya magodoro.

Tena ana simu aliyoinunua huko huko Japani. Simu hiyo ukipiga picha inalia kacha, na sauti huwezi kuizima, ndivyo zinavyotengenezwa kule. Mimi niko kibandani nimeinamia simu ya mteja, bisibisi mkononi, nasikia jikoni: kacha. Kimya. Echati anacheka. Kacha. Nauliza kupitia dirishani, "Mnapiga picha gani?" Naambiwa, "Samaki wa nazi." Jamani, samaki wa nazi gani anachekesha hivyo? Nilikuwa na wivu, sifichi. Wivu ule wa kumtazama mwenzio sahani yake uone kama amepewa kipande cha mkia au cha tumbo. (Alipewa cha tumbo.)

Sasa ya leo.

Leo mdogo wake Echati, Nasuri, alikuwa anaoa huko Nosy Be, mji wa Dzamandzar. Kwa kuwa mume ndiye anayeingia nyumbani kwa mke, harusi iko kwa bibi harusi. Mama mkwe magoti yake hayawezi tena safari ya bahari, Echati ikabidi abaki naye, na Nasuri ndiye mtoto wake wa kiume wa pekee. Alikuwa akilia kila akikumbuka. Mimi nikajitokeza kifua mbele. Nikamwambia, "Mama, usilie. Harusi nitakuletea hapa sebuleni. Rafiki yake Nasuri ataionyesha moja kwa moja kwenye intaneti, mimi nitaiweka kwenye televisheni, utamwona mwanao akishikwa mkono na shehe."

Mama mkwe akaniwekea mkono kichwani akaniombea dua. Tangu nioe sijawahi kuwekewa mkono kichwani. Anfani alikuwepo, akaona, na mimi nikafurahi sana kwamba ameona.

Shida ilikuwa rauta, kile kisanduku kinachorusha waifai. Iko kibandani, ndiko waya wa intaneti unakoingilia, na kati ya kibanda na sebule kuna ukuta mnene wa mawe ya zamani. Asubuhi tuko kwenye chai, nikawasha televisheni nijaribu. Picha ikaja, ikaganda. Ikaja, ikaganda. Anfani akamaliza kutafuna sambusa yake, akafuta vidole, akasema, "Shemeji, waifai yako inachoka kabla haijafika ndani."

Echati akacheka. Si kicheko kikubwa, alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Lakini alicheka, na alimcheka mumewe kwa maneno ya Anfani. Chai ikanishinda hapo hapo.

Nikaenda kibandani, nikafunga mlango. Nikaingia kwenye jukwaa moja la mafundi mtandaoni, nikakuta mtu ameandika kwamba rauta ya aina yangu ina programu za ndani tofauti kwa kila nchi. Ile ya huku kwetu imebanwa nguvu, lakini ukiiwekea ile ya soko la Japani inafunguka. Chini yake watu wameonya: usiweke programu ya nchi nyingine, hairuhusiwi, na itakutia matatani. (Maonyo niliyasoma. Niliyasoma vile tunavyosoma masharti, kwa kushuka chini haraka na kidole gumba.) Nikapakua faili. Kazi hii hufanywa kwa kompyuta na waya. Kompyuta sina. Nikaiflashi rauta, yaani nikaifuta programu yake na kuiwekea ile mpya, kwa simu, hewani, bila waya. Mafundi mliomo humu, najua mmeshika vichwa.

Ikakubali. Taa zikazimika, zikawaka, mtandao mpya ukatokea kwenye simu yangu. Nikajiona bingwa. Nikafungua ukurasa wa mipangilio, nikakuta kila kitu kimeandikwa Kijapani.

Nyumba nzima ina mtu mmoja anayesoma Kijapani. Wakati huo alikuwa jikoni, anapiga picha mkate wa kumimina. Niende nikamwombe yule? Afadhali nitafune betri.

Nikapapasa mwenyewe. Kisanduku cha jina la mtandao nilikitambua, cha neno la siri pia nikakitambua. Na kwa vile roho ilikuwa imenikaa vibaya, waifai nikaipa jina MUME YUPO. Kwenye neno la siri nikaandika swali nililokaa nalo kifuani wiki nzima bila kupata pa kulipeleka. Nani angelijua? Televisheni nitaiunganisha mwenyewe. Simu ya Echati nitaiunganisha kwa mkono wangu. Anfani simpi.

Kikabaki kisanduku cha chaneli. Waifai hupita hewani kwenye chaneli, kila chaneli na nambari yake. Programu ya zamani ilikuwa inaishia kumi na tatu. Hii ya Japani ilikuwa na kumi na nne. Nikasema ahaa, hii ndiyo nguvu yenyewe waliyotuficha. (Msinisemeshe. Mtu mwenye wivu hafikiri, anabonyeza.) Nikachagua kumi na nne, nikahifadhi.

Waifai ikapotea.

Rauta haikuzimika. Taa zote zinawaka kijani, zinapepesa vizuri kabisa. Ila simu yangu haioni kitu. Nikaizima, nikaiwasha, haioni. Nikachukua simu za wateja zilizokuwa mezani, moja baada ya nyingine, hata ile ambayo mwenyewe alisema nisiiguse mpaka arudi. Hakuna iliyoona. Nikaenda sebuleni kwenye televisheni. Ikatafuta weee, ikaniandikia kwamba hakuna mtandao.

Najua mtasema bonyeza kile kitundu kwa pini, rauta irudi mwanzo. Lakini ukibonyeza pale unafuta pia namba za kampuni zinazoingiza intaneti, na mtu wao wa kuziweka upya ukimwita leo anakuja akijisikia. Pini niliishika. Nikairudisha mfukoni.

Baada ya sala ya adhuhuri wanawake wakaanza kuingia. Wamejifunga saluva, zile nguo zao za sherehe za huku, wamepaka liwa usoni, wamekuja na sinia za vitafunio. Mama mkwe wakamkalisha kwenye kiti cha katikati, mbele ya televisheni. Imezimwa, lakini anaitazama.

Echati akanifuata mlangoni. "Vipi, baba? Mbona haiwaki?"

"Inajipanga."

"Inajipanga nini?"

"Nimeiongeza nguvu. Ikishazoea itakuja."

Akanitazama. Halafu akasema polepole, ili wageni wasisikie, "Si nimwambie Anfani akusaidie kuangalia?"

"Humu ndani fundi ni mimi au ni Anfani?"

Nilijibu kwa sauti ambayo sikuipenda hata mimi. Echati akarudi kwa wageni wake.

Nikaona nijiokoe kwa bando. Nikajiunga la siku, nikafungua yale matangazo ya harusi kwenye simu yangu, nikamshikisha mama mkwe. Mtandao wa simu mtaani kwetu mchana ni wa kubahatisha. Duara likazunguka, likazunguka, mwisho ikaja picha ya sikio. Sikio la nani hatukujua, na likaganda hapo. Mama mkwe akalitazama muda mrefu. Akauliza, "Nasuri huyo?"

"Bado, mama. Huyo ni mtu aliyekaa karibu naye."

Mama mkwe akanirudishia simu. Alasiri ikaadhiniwa, na haikuchukua muda Nasuri mwenyewe akapiga simu ya kawaida kumwomba radhi mama yake. Alisema ameshavaa, shehe ameshafika, wanatoka msikitini kwenda kufunga ndoa kwa bibi harusi. Mama akamwambia, "Nakuona, mwanangu, nakuona," kumbe haoni kitu. Alipokata simu, liwa usoni pake ilikuwa imeshika michirizi ya machozi. Pale wivu wote ulinitoka. Nilimwonea huruma yule mama, na nilijua nani amemfanyia vile.

Ndipo Anfani akarudi kutoka msikitini. Akampa mama kwezi, ndiyo shikamoo yao, akakaa kwenye mkeka karibu na miguu yake. Simu yake ikalia mlio mdogo. Akaitoa, akaitazama, akakunja uso.

"Shemeji," akasema, "kuna waifai humu ina nguvu ajabu. Imejaa mpaka juu."

"Inaitwaje?" akauliza Echati.

"MUME YUPO."

Wanawake wote wakageuka kunitazama. Mmoja akaguna. Mimi nilikuwa nimesimama na bisibisi mkononi, sijui niiweke wapi.

Hapo akili ikanirudia, ikiwa imechelewa. Ile chaneli ya kumi na nne inatumika Japani tu. Simu za kwetu haziangalii kabisa upande huo, televisheni pia. Mahajanga nzima pengine ilikuwa na simu moja ya kuiona waifai yangu, nayo ilikuwa kwenye kiganja cha Anfani.

"Neno la siri?" akauliza.

"Lete, niandike mwenyewe."

Nikamnyang'anya simu kabla hajajibu. Vibonye vyote Kijapani. Nikabonyeza kimoja, ikaandika kitu kama kiti kilichopinduka. Nikabonyeza kingine, vikawa viti viwili. Anfani akanyoosha mkono akaichukua simu yake bila haraka. "Nitajie tu, shemeji. Mimi nimezizoea."

"Ni refu. Twende nje nikunong'oneze."

"Mtoto wangu anaozwa, wewe unataka kwenda kunong'ona?" akasema mama mkwe. "Taja."

Nikataja. Huku herufi tunazitaja kwa Kifaransa, kama walivyosoma shuleni. Nikasema A. Anfani akaandika A. Nikasema N. Sasa mama mkwe alisoma chuo cha Kurani enzi zile za kuunganisha herufi kwa sauti, darasa zima linaitikia, na hadi leo akisikia herufi zinapita hawezi kuziacha bila kuziunga. Nilipofika ya sita akaziunga.

"A, nfa, ni," akasema. "Anfani."

Anfani akainua uso. "Mimi, shemeji? Umeniweka mimi?"

Mama mkwe akanigeukia na machozi yake. "Mwanangu, kuna wanaume wanawanunia ndugu za wake zao wakija kulala. Wewe neno lako la siri umeliita kwa jina la ndugu yetu. Mungu akulipe." Wanawake wakaitikia amin. Echati akanitazama kwa jicho la mapenzi, jicho ambalo sikuwa nimelipata tangu Anfani aingie na begi lake.

Nilitamani neno lile liishie pale. Kwa hiyo nikasema, "Ndilo hilo. Limeishia hapo."

Anfani akabonyeza. "Limekataa." Akabonyeza tena. "Limekataa, shemeji. Kuna zaidi?"

"Kidogo," nikasema.

Huko Dzamandzar shehe alikuwa labda ameshakaa kwenye mkeka. Mama mkwe ameshika ukingo wa kiti. Nikafumba macho nikataja yaliyobaki. Nikajaribu kuyapitisha haraka, Anfani akaniomba nirudie, nikayarudia taratibu. Mama mkwe anayaunga. Uta. O. Ndo. Ka. Akapunguza sauti, lakini hakuacha. Nilipomaliza herufi ya mwisho, akayarudia yote tangu mwanzo.

"Anfani, utaondoka lini," akasoma mama mkwe.

Kikomoro na Kiswahili vinasikilizana vya kutosha. Mkalimani hakuhitajika.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniua. Wangecheka ningecheka nao. Echati lile jicho aliliondoa usoni pangu akalielekeza dirishani. Anfani peke yake ndiye aliyeendelea na kazi. Akabonyeza, akangoja, akasema kwa adabu kabisa, "Limekubali."

Akaiegemeza simu kwenye bakuli la sukari mbele ya mama mkwe. Nasuri akatokea, na kofia yake, mkono wake ndani ya mkono wa shehe. Picha ilikuwa inakwenda kwa kujikongoja lakini haikukata. Tukamsikia akisema amekubali. Mama mkwe akapiga kigelegele kilichoanza vizuri kikaishia kilio, wanawake wakampokea, wakainama wote juu ya kile kioo kidogo, wanamgusa Nasuri kwa vidole. Televisheni kubwa nyuma yao imezimwa. Nilifurahi, wallahi. Nilifurahi nikiwa nimejibanza nyuma ya mlango.

Walipoanza kula, Echati akanifuata pale mlangoni.

"Jumamosi," akasema.

"Jumamosi nini?"

"Umeuliza ataondoka lini. Anaondoka Jumamosi. Alikuwa aondoke na wewe."

Akanieleza bila kupandisha sauti, na heri angepandisha. Nyumba za Andilana zinatafuta fundi wa waifai, kazi ya kudumu, na chumba cha kukaa mimi na yeye. Wiki nzima yeye Echati alikuwa jikoni anamsihi binamu yake anichukue mimi. Zile picha za samaki Anfani anampelekea mpishi wake wa Andilana, na pia zilimpa sababu, watu wasije wakasema anakaa bure jikoni na mke wa mtu. Anfani alikuwa na wasiwasi, kwa kuwa fundi simu si fundi waifai. Mama mkwe ndiye aliyemwambia asiondoke, ndiye aliyemfanya aikose harusi ya Nasuri, abaki hapa aone kwa macho yake nitakavyoileta harusi sebuleni.

"Na magodoro?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza magodoro.

"Yalishafika Nosy Be zamani."

Anfani akapita katikati yetu akienda kunawa mikono. Akanishika bega. "Kazi nitakufikiria, shemeji," akasema. "Ila nikuambie ukweli, wageni wangu wengi si Wajapani."

Na Jumamosi yenyewe imeshafutwa. Mama mkwe ametangaza kwamba sherehe za Nasuri zitaendelea siku nyingi, naye anataka kuziona zote, na amekataza mtu yeyote asiiguse tena rauta, hata kubadilisha chaneli, kwa hiyo Anfani na simu yake hawatoki humu mpaka ziishe. Wamemletea godoro zuri zaidi, langu. Mimi nawaandikia kutoka kibandani kwa lile bando la kubahatisha, na chakula cha usiku sijaambiwa kama nimetengewa au la.

Msicheke. Kama kuna mwenye faili la asili la rauta hii, lile la huku kwetu, nalihitaji sana. Msinitumie mimi, halitafika. Mtumieni Anfani, ndiye aliye hewani.